Yai Zima, Yai Viza

Panga mayai matatu mezani. La kwanza limetoka kwenye trei ya dukani. Kuku aliyelitaga hajawahi kumwona jogoo. La pili ni la kienyeji, limeokotwa jana asubuhi. La tatu limelaliwa siku kumi. Kwa macho hayana tofauti, ganda ni ganda. Sasa sema lipi lina uhai.

La tatu kila mtu atalitaja, la kwanza wengi watalikataa. Ubishi uko kwenye la pili, na ni ubishi ambao mtu anayetotolesha vifaranga hawezi kuukwepa, kwa kuwa kila anapookota yai anaamua jambo lile lile: hili la kukaanga, au la kuwekwa chini ya mtetea?

Darasani tunakaririshwa sifa saba za kiumbe hai: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaa na kutoa takamwili. Lipe yai la jana mtihani huo uone litakavyofeli. Kisha uupe moto wa kuni: unakula, unavuta hewa, unakua, unahama, unazaa cheche, unaacha majivu. Moto unashika namba mbele ya yai! Na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, hazai, lakini nenda kamwambie hayuko hai huku umesimama nyuma ya miguu yake. Orodha ile si mbaya. Inaeleza mwili ulioko kazini. Mwili uliosimama inaushindwa.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, na tunalitumia tangu asubuhi bila kulifikiria: uzima. "Mzima?" "Mzima." Yai zima, mkate mzima, mtu mzima. Neno moja linambeba asiye na ugonjwa, kisichopungua, kisichovunjika na aliye hai. Nitalishikilia hilo, maana linaeleza yai vizuri kuliko zile sifa saba. (Habari ya roho ni mlango mwingine. Tochi haimuliki roho.)

Yai la jana

Safari ya yai haianzi siku linapotagwa. Kiini kikishadondoka kutoka kwenye ovari, mbegu za jogoo zinakikuta ndani ya robo saa hivi, kabla ute haujakizunguka. Baada ya hapo yai linachukua saa 24 hadi 26 kushuka: linavikwa ute, kisha ngozi mbili nyembamba, kisha ganda, na ganda peke yake linakula kama saa 20. Muda wote huo liko ndani ya mwili wenye joto la nyuzi 41, na seli moja iliyorutubishwa juu ya kiini inagawanyika, mbili, nne, nane. Linapoanguka kiotani, juu ya kiini tayari pana makumi ya maelfu ya seli.

Unaweza kuona kundi hilo la seli bila darubini. Vunja yai kwenye sahani nyeupe, taratibu, usipasue kiini. Juu ya kiini tafuta doa jeupe. Likijificha, inamisha sahani kidogo. Yai lisilo na mbegu lina doa dogo lililojaa weupe, kingo zake hazina mpangilio. Lenye mbegu lina doa pana zaidi, kama milimita 4, nalo limekaa kama pete: katikati pameng'aa, pembeni weupe. Hivyo ndivyo unavyopima jogoo kabla ya kupoteza wiki tatu. Vunja mayai 10 ya siku moja. Ukihesabu pete 9, jogoo yuko kazini. Ukipata 4, angalia kama amezeeka, anaumwa miguu, au amepewa matetea wengi mno. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Na mtetea akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo jogoo aliyeliwa Sikukuu bado anaweza kuwa baba wa mayai ya wiki inayofuata.

Sasa yai limetoka kwenye joto la 41 na linapoa. Likishuka hadi nyuzi 20 hivi, mgawanyiko wa seli unasimama. Kiinitete, yaani lile kundi la seli litakalokuwa kifaranga, hakijafa, kimesimama tu. Hii si hitilafu, ndivyo mtetea anavyofanya kazi yake. Anataga yai moja kwa siku, siku nyingine anaruka, hivyo mayai 12 yanamchukua karibu wiki mbili. Kama la kwanza lingeanza kukua siku ile ile, kifaranga wake angekuwa anatembea uani huku ndugu zake wakibakiza siku nyingi ndani ya ganda, na mama angeshindwa afuate yupi. Badala yake yote yanasubiri. Akianza kulalia, yanaanza pamoja, yanaanguliwa pamoja siku ya 21.

Kwa hiyo jibu langu juu ya lile yai la pili ni kwamba ni zima. Kazi haifanyiki humo, au inafanyika kidogo sana, lakini mpangilio haujavunjika: kila seli iko mahali pake, ukuta wake haujapasuka, chakula chake kiko chini yake. Cherehani iliyofunikwa kitambaa jioni haishoni, na iliyopigwa nyundo haishoni. Hakuna fundi atakayekuambia ni hali moja.

Ila kusimama nako kuna gharama. Kila siku inayopita seli kadhaa zinakufa na ute unalegea. Hadi siku 7 hasara ni ndogo. Baada ya hapo idadi ya vifaranga inashuka, na yai la wiki tatu usilitegemee. Mahali pazuri pa kusubiria ni nyuzi 15 hadi 18, ncha ikiwa chini na upande butu juu, kwa sababu chumba cha hewa kiko upande huo butu. Friji ya jikoni yenye nyuzi 4 ni baridi mno. Na pwani kuna tatizo la upande mwingine, ambalo naona ndilo linaloua mayai mengi kuliko yote: chumba chenye nyuzi 30 mjini Dar es Salaam au Mombasa si baridi ya kusimamisha wala si joto la kukuza. Kiinitete kinajikongoja, kinaanza kukua bila nguvu, kinakwenda upande, kinakufa kabla hakijaonekana. Mwenye kuku anamlaumu jogoo. Ukiwa huko, weka mayai chini kabisa sakafuni, mbali na bati, karibu na mtungi wa maji, na usiyapitishe siku ya tatu au ya nne. Njombe au Limuru chumba cha kawaida kinakutosha wiki nzima.

Na usiyaoshe. Ganda lina matundu madogo yapatayo elfu kumi, na juu yake pana utando unaoyaziba nusu nusu. Maji yanauondoa, yakiwa ya baridi, vilivyomo ndani vinasinyaa na kunyonya uchafu kupitia matundu hayo hayo. Yai chafu likwangue kavu, au lipeleke jikoni.

Waliosimama zaidi ya yai

Yai linasimama kwa siku. Mbegu kavu inasimama kwa miaka, na hapo ndipo swali la uhai linapokuwa gumu kweli, kwa sababu punje ya mahindi iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 inapumua kidogo sana, kiasi kwamba kwa macho na kwa mkono huwezi kuitofautisha na iliyokufa. Kanuni ya watunza mbegu ni hii: kila ukiipunguzia unyevu kwa asilimia moja, siku zake zinakaribia kuongezeka mara mbili, kila ukipunguza joto kwa nyuzi 5, vilevile. Kanuni ina mipaka yake, lakini inakuonyesha kwa nini debe la mbegu juu ya dari ya bati halifiki msimu ujao.

Kupima ukavu huhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, jaza punje hadi theluthi moja, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Ikianguka yote chini, punje ni kavu kiasi cha kuhifadhiwa.

Kupima uhai ni jambo jingine, na watu wengi hukosea hapa. Wanaloweka maharage, wanaona yamefura, wanasema mbegu ni nzima. Kufura si uhai! Wanga na protini hunyonya maji hata kama mwenye nyumba ameshafariki. Maharage yaliyokufa zamani nayo hufura yakilowekwa usiku kucha. Unachotafuta ni mzizi. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kikunje, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, ukiweke mahali penye nyuzi 25 hadi 30. Mahindi yahesabu siku ya 4 na ya 7, maharage siku ya 5 na ya 9. Hesabu miche iliyonyooka yenye mzizi na chipukizi. Iliyojikunja bila mzizi usiiweke kwenye hesabu, hata ikikuonea huruma. Zikiota 70 kati ya 100, unajua kabisa utaongeza punje kiasi gani shimoni. Ukikuta kitambaa kimejaa ukungu, mara nyingi ni maji yaliyozidi, au ni punje zilizovunjika ambazo zimegeuka chakula cha wengine.

Maabara wana njia ya haraka. Punje iliyolowekwa usiku inakatwa katikati kwa urefu, inatiwa ndani ya tetrazoliamu, dawa isiyo na rangi. Seli zinazopumua zinaigeuza nyekundu, zilizokufa zinabaki nyeupe. Baada ya saa chache tu unasoma kwenye punje moja sehemu iliyo hai na sehemu iliyokwisha, na mara nyingine vyote viwili vimepakana ndani ya kiinitete kimoja. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinakutoa kwenye kudhani kwamba uhai huondoka wote kwa mkupuo, kama taa.

Si kila mbegu inajua kusimama. Embe, fenesi, parachichi na kakao hufa zikikaushwa. Kokwa la embe liingie udongoni siku chache baada ya kuliwa. Upande wa pili kuna tende. Mwaka 2005 kokwa la tende lililochimbuliwa Masada, kwenye jangwa la Yudea, lenye umri wa karibu miaka 2,000, lilipandwa likaota. Mti huo ulipewa jina la Methuselah, na ulikuja kuonekana kuwa dume. Kama kuna kitu kilichopata bahati ya mtende kwa maana zake zote, ni mtende huo.

Hamira ni ya kundi hilo la waliosimama: ni fangasi wadogo waliokaushwa wakiwa hai. Nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, nyuzi 38 hadi 43, kijiko kidogo cha sukari, kijiko kidogo cha hamira. Ndani ya dakika 10 povu lipande. Maji yakikuchoma kidole yamewachoma na wao, na vitumbua vyako vitakaa bapa kama chapati.

Yai lililoko kazini

Turudi kwenye lile la tatu. Ukilipa yai nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwenye mashine ya kutotolesha yenye feni, kazi inaanza tena palepale ilipoachwa. Siku ya pili moyo unadunda, ingawa bado hakuna kichwa cha kueleweka. Siku ya 7 ingia chumba cha giza na tochi ya simu, zungusha vidole kuzuia mwanga usivuje, bana upande butu kwenye taa. Yai zima linaonyesha kitu kama buibui: doa jeusi katikati na mishipa myekundu iliyotawanyika hadi kwenye ganda. Subiri sekunde chache, usilitikise, na doa lile litacheza. Yai lisilo na mbegu linang'aa lote, kiini ni kivuli tu kinachoelea. Aina nyingine ndiyo ya kujifunza kuitambua: pete nyembamba ya damu, imeachana na katikati, haina matawi. Humo moyo ulidunda siku moja au mbili ukasimama, na damu ikasukumika ukingoni. Litoe.

Na linapumua, kwa maana halisi. Yai la gramu 60, katika siku zake 21, linavuta karibu lita 6 za oksijeni na kutoa lita 4 na nusu za hewa ya ukaa, vyote kupitia matundu yale ya ganda. Pia linapoteza maji, na ni lazima lipoteze: hadi siku ya 18 liwe limepungua asilimia 12 au 13, yaani libaki na gramu 52 au 53. Ukiwa na mizani ya kupimia dhahabu au viungo, pima mayai matano kila wiki. Yakipungua polepole mno, punguza maji kwenye beseni la mashine. Chumba cha hewa kikibaki kidogo, kifaranga atazama akitoboa. Yakipungua upesi, ongeza maji, la sivyo atagandiana na ngozi. Unyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza unafaa, kisha 65 hadi 70.

Kugeuza kuna sababu yake. Kiini ni chepesi kuliko ute, kinapanda juu, na kiinitete kinakaa juu ya kiini. Yai likikaa upande mmoja kinagusa ngozi ya ganda na kunata. Mtetea anageuza kwa mdomo mchana na usiku. Wewe andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Idadi isiyogawanyika kwa mbili ndiyo inayofanya upande unaolala usiku mrefu ubadilike kila siku. Siku ya 18 acha.

Umeme ukikatika, usikimbilie kufungua. Funika mashine kwa blanketi na uache matundu ya hewa wazi, hasa baada ya wiki ya pili, kwa kuwa viinitete vikubwa vinatoa joto lao wenyewe na vinaweza kukosa hewa. Kupoa hadi nyuzi 30 kwa saa kadhaa kunachelewesha kuangua. Kupanda juu ya 40 kwa muda huo huo kunaua. Kiinitete kinaweza kurudi nyuma kwenye kusimama. Kikiivishwa hakina pa kurudi, protini zikishakunjamana hazinyooki tena, na kila aliyechemsha yai ameliona hilo.

Ndipo tunafika kwenye viza. Yai viza halijatulia hata kidogo. Linafura gesi, linabadilika rangi, linavuja, na likipasuka ndani ya mashine utahama chumba. Bakteria wanakula, wanapumua, wanazaa. Ukihesabu sifa saba, viza lina alama zote. Kilichokosekana humo ni yule aliyekuwa anayafanya yote hayo kwa faida ya umbo moja. Hapo ndipo naona uzima na uhai vinapoachana: chakula kile kile, joto lile lile, lakini hakuna anayejijenga.

Siku ya 20 kifaranga anatoboa ngozi ya chumba cha hewa na mapafu yanafanya kazi kwa mara ya kwanza. Ukisogeza sikio utasikia mlio kabla hujaona ufa. Kisha anapasua ganda kidogo na kunyamaza, saa 12, mara nyingine 24. Huu ndio muda ambao watu wanaua vifaranga kwa huruma. Anaonekana amekwama, kumbe anamalizia kuvuta kiini kilichobaki kuingia tumboni na kufunga mishipa iliyounganishwa na ganda. Ukimenya mapema, atatoka damu. Kiini hicho ndicho kinachomfanya akae siku mbili bila kula wala kunywa.

Siku ya 23 yaliyobaki yavunje nje, mbali na banda, uyasome. La wazi bila chochote ni suala la jogoo au la kuhifadhi. Pete ya damu ni joto la siku za mwanzo. Kifaranga kamili aliyefia ndani bila kutoboa, tazama unyevu na hewa. Lakini kabla ya kuvunja lile ambalo halina ufa hata kidogo, chukua bakuli la maji ya nyuzi 38, yaache yatulie kabisa, liweke yai juu yake na ungoje dakika moja bila kugusa meza. Likielea kimya, limekwisha. Likitikisika lenyewe na kuchora viduara majini, likaushe upesi, lirudishe, ufunge mlango wa mashine.